Karanga za Mwalimu Anyosisye

Leo nimeandika ubaoni, kwa herufi kubwa:
KICHOCHEO. MWITIKIO. TUZO.
Wanachuo wakanakili, vichwa chini,
mvua ya Tukuyu ikipiga bati
kama karani aliyechelewa kufunga hesabu.
Nikawasimulia mbwa na kengele yake,
njiwa anayedonoa kitufe apate punje.
Lugha ni mazoea, nikasema, ndivyo walivyoamini.
Sikuwaambia kwamba mmoja wa njiwa hao ni mimi.

Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori
iliyotundikwa kwenye mparachichi.
Ikigongwa saa nne, mate yanajaa kinywani
hata siku ambazo uji haukupikwa.

Darasa la pili, mkondo wa B.
Mwalimu Anyosisye, mfuko wa koti umetuna
karanga za kukaanga.
Semeni: redio.
Ledio.
Redio!
Ledio.
Sisi tulioishi miaka minane bila kuihitaji hiyo R,
tukaruka, tukarudi, tukararua,
ulimi ukipapasa paa la kinywa
kama mtu anayetafuta komeo gizani.
Mpaka siku moja, wenyewe, ukagonga: rrredio!
Karanga tatu zikanidondokea kiganjani,
zina joto la mfuko wake.
Mbili nilizitafuna palepale.
Ya tatu nililala nayo shavuni.

Na palikuwa na kibao.
Ubao wa mkaratusi, kamba ya katani,
neno moja kwa wino mwekundu: KILUGHA.
Ukiponyokwa na ndaga moja tu
kwa aliyekuokotea kalamu,
unavikwa,
na huvuliwi mpaka umnase mwenzako.
Tulijifunza. Asije mtu akasema hatukujifunza.
Tulijifunza kunyata nyuma ya vyoo,
kutega sikio kwa wanaocheza, na zaidi kwa wanaolia,
maana mtoto akiumia hulia kwa lugha ya kwao.
Ambakisye alipoangukiwa na tofali mguuni
alimwita mama yake kama anavyomwita nyumbani.
Nilimvika kibao kabla damu haijakauka.

Halafu Subilaga.
Huyu hakuonja karanga hata moja. R haikumjia kamwe.
Mwezi wa nne, wiki ya tatu bila jua,
mwalimu akauliza lile swali la kila asubuhi:
Hali ya hewa ikoje?
Jibu lilikuwa moja, tulilipokea kama dawa ya minyoo:
Leo kuna mvua.
Subilaga akatazama dirishani, akakawia, akasema:
Mvua imesahau kuludi kwao.

Mwalimu alisimama, mkono mfukoni.
Haukutoka na karanga. Haukwenda kwenye fimbo.
Maneno yale hayakuwa ubaoni, hayakuwa kitabuni,
hakuna kinywa kilichowahi kumpangia hivyo.
Nje mvua ilikuwa imekaa juu ya migomba,
kweli, kama mgeni asiyeaga.
Darasa likacheka, kwa ajili ya ile L.
Mimi pia nilicheka,
na R yangu nzuri mdomoni.

Jioni ile nilitumwa kupeleka maziwa nyumba za walimu.
Kupitia dirishani nikaona kaseti inazunguka,
sauti ya mwanamke wa Kizungu inatamka sentensi,
na Mwalimu Anyosisye, yeye na kandili yake,
anaifuatisha, anakwama palepale,
anarudisha mkanda, anakwama palepale.
Hakuna aliyempa karanga.
Niliweka chupa kizingitini nikaondoka bila hodi.

Mwanachuo mmoja ameuliza: mwalimu, nadharia hii si imekufa?
Nimemjibu kama vitabu vinavyojibu,
kwamba ilizidiwa hoja, kwamba mtoto huunda
sentensi asizowahi kusikia.
Ameandika. Akapiga mstari chini yake.

Lakini juzi sokoni mama wa ndizi
alinikimbiza mvuani kunirudishia chenji,
nikamwambia ndaga,
na mkono wangu, mkono wa mtu wa miaka hamsini na mbili,
ukapanda wenyewe
ukashika shingo.